Jina Nililomnyima Mjukuu Wangu

Msichana aliweka simu yake katikati ya meza, kati ya mkate na birika la chai, akaniomba niseme neno lolote ili ajue kama inanasa sauti. Nilisema, "Karibu nyumbani." Akaichezesha, tukaisikiliza sauti yangu ikitoka humo ndani, kavu, ya mtu mzee kuliko nilivyodhani. Akasema, "Iko sawa, mzee. Tuanze."

Mzee. Nilikuwa nimengoja aseme guka, kama wajukuu wa huku kwetu wanavyowaita babu zao. Nilijiambia ni haya tu, na kwamba kabla chai haijaisha neno hilo lingetoka lenyewe. Nilikuwa nimemwekea kitu chumbani, na nilihitaji neno hilo litoke kwanza ndipo nikilete.

Aliyeketi mbele yangu alikuwa mtoto wa binti yangu wa pekee. Nilikuwa sijawahi kuzungumza naye nikijua ni nani ninayezungumza naye. Alikuwa amenipigia simu siku chache kabla, akaniambia ni msichana wa yule binti yangu, yuko mwaka wa kwanza katika chuo kimoja Ruiru, anasoma sosholojia, na angependa kuja kuniona Murera. Sikuuliza anataka nini. Mtu mwenye njaa haulizi chakula kimetoka wapi.

Kwetu mtoto hapewi jina kwa sababu linapendeza. Kila jina lina mwenyewe. Msichana wa kwanza huitwa kwa mama ya baba yake, na wa pili kwa mama ya mama yake. Msichana akizaa bila kuolewa, upande wa baba huwa haupo, basi mtoto wa kike huchukua moja kwa moja jina la nyanya yake mzaa mama. Mwanamke anayepata mtu wa kuitwa kwa jina lake hubadilika hata mwendo. Humbeba huyo mtoto na kusema amejizaa upya. Wanaume nao wana mzaha wao: mjukuu aliyeitwa kwa mkeo unamwita mke wako mdogo, unamwuliza mbele za watu kwa nini hajakupikia.

Mimi na mke wangu tulijaliwa watoto, lakini aliyeishi ni mmoja, huyo binti. Kwa hiyo jina la mke wangu lilikuwa na njia moja tu ya kuendelea duniani, na njia hiyo niliiziba mimi.

Wakati huo tuliishi Thika. Niliingia kiwanda cha nguo kule Eneo la Viwanda nikiwa nimetoka tu shule ya sekondari, enzi ambazo cheti cha kidato cha nne kilimfanya mtu atembee kifua mbele, nikapanda hadi kuwa msimamizi wa zamu. Kila jioni wafanyakazi walipekuliwa langoni kabla ya kutoka. Wanaume walivua viatu, wanawake walifungua vikapu, wote wakitazamana. Ilikuwa nadra sana kupata kitambaa kilichofichwa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hatukuwa tukitafuta kitambaa. Tulitaka kila mtu azoee kutazamwa. Aliyezoea kutazamwa hujipekua mwenyewe kabla hajafika langoni. Nilipolielewa hilo lilinifurahisha. Nilikuwa mtu wa kufurahia mambo ya namna hiyo.

Jumapili nilikuwa mzee wa kanisa na kiti changu kilikuwa mbele. Msichana akipata mimba nje ya ndoa, baraza letu lilimwita. Alisimama mbele yetu, wanaume wenye mvi, tukamwuliza maswali ambayo hatungependa yaulizwe nyumbani kwetu. Kisha alihamishiwa benchi la nyuma karibu na mlango, akanyimwa meza ya Bwana mpaka tutakaporidhika. Benchi lenyewe lilikuwa kama mabenchi mengine, mbao ile ile, fundi yule yule. Lakini watoto wa Shule ya Jumapili walilijua. Hakuna aliyewafundisha. Wakipita hapo walinyamaza, wakifika nje wakaangua kicheko. Mara nyingi aliyetoa hoja ya kumhamisha msichana nilikuwa mimi. Nilisifiwa kwamba nina sauti nzuri ya kutoa hoja.

Kisha mimba ikaingia nyumbani kwangu. Binti yangu alikuwa amemaliza shule na kupata kibarua katika kiwanda cha matunda. Mwanamume aliyehusika alikuwa amehamia kwingine, na hata hilo sikulijua kutoka kwa binti. Nililisikia likinong'onwa na wafanyakazi wangu, wakiacha kunong'ona nilipokaribia. Siku hiyo nilipita kati ya mashine nikajua wanayoyajua waliofungua vikapu.

Alijifungua katika hospitali ya Thika. Mke wangu alirudi kutoka huko jioni, akanikuta nimeketi sebuleni. Alikuwa bado na kikapu mkononi. Uso wake sikuwa nimeuona hivyo tangu tulipokuwa vijana.

"Nimerudi, mzee," alisema. "Mimi mwenyewe, mdogo hivi. Paji la uso ni langu kabisa, utaona."

"Hataitwa jina lako," nikasema.

"Nini?"

"Jina la nyumba hii halitatembea mjini na mtoto wa nje. Kwenye kalenda kuna majina mengi. Mama yake achague."

Alikiweka kikapu chini polepole. "Lakini mimi sina mwingine wa kuniita."

"Basi ukae bila."

Nimeyaandika maneno hayo kama nilivyoyasema. Nimeyachunguza miaka mingi nikitafuta kama lilikuwepo neno moja la kuyapunguza makali, labda nililisahau. Halikuwepo.

Binti alipotoka hospitalini alikuja na mtoto amefunikwa shali ya kijani ambayo mama yake alimpelekea. Nilimkuta mlangoni kabla hajaingia. Sikuifunua shali ile. Nilimwambia mimi ni mzee wa kanisa, nina watu chini yangu kazini, siwezi kuwa nimehukumu mabinti wa wenzangu kisha nimfungulie yeye.

"Watu watasema nini?" nikamwuliza.

Aligeuka akatazama barabara, akatazama ua wa jirani, akanirudia. "Watu wako wapi, baba? Mimi naona wewe peke yako hapa mlangoni."

Akaondoka, shali ikaanguka njiani. Mama yake alitoka nyuma ya nyumba akaiokota, akaikunja, na hakumfuata, kwa sababu nilikuwa nimemtazama. Binti alikwenda Mwihoko, ambako vyumba vya kupanga vimebanana na hakuna anayekuuliza wewe ni wa nani. Jumapili iliyofuata nilikaa kiti changu cha mbele. Nilipongezwa. Wanaume walinishika mkono wakaniambia nimesimama imara.

Mke wangu alinipikia, akanifulia, akaniombea chakula, kwa miaka. Hakunikosea adabu hata siku moja. Aliacha tu kuniambia mambo. Alipougua mara ya mwisho nilimkuta wodini ameamka, akitazama dari.

"Wenzangu wote wa kikundi cha akina mama wana mtu anayetembea na jina lao," alisema. "Mimi nikizikwa nimeisha."

Nilimwambia alale. Nilikuwa nimechoka, na kwa kweli nilidhani tungezungumza kesho.

Kwenye mazishi, mwenye kusoma historia ya marehemu alisoma kama nilivyokuwa nimemwandikia: mke wa fulani, mama wa fulani. Mahali pa kusema nyanya wa nani aliparuka, kwa kuwa nilikuwa nimepaacha wazi. Binti yangu alikuja, akarusha udongo wake, akaondoka bila kula. Mimi nilikula.

Baada ya hapo niliuza nyumba ya Thika nikahamia kwenye ploti yangu ya Murera, na ng'ombe mmoja na miparachichi. Ndipo nilipoanza kuogopa kitu ambacho sikuwahi kukiogopa. Kila niliyemjua aliyekuwa akimwita mke wangu kwa jina alikuwa akifa. Nilifikiri: nikifa mimi, hakuna atakayelitamka. Nilijua pia kwamba kwetu mtu mzima anaweza kupewa jina la pili na wazee, mbele ya chai na mashahidi. Hivyo msichana alipopiga simu nilitoa ile shali ya kijani sandukuni, nikaianika juani, nikaikunja na kuiweka kitandani. Hicho ndicho kitu nilichokuwa nimemwekea. Nilitaka kumfunika nayo na kumpa jina la nyanya yake.

"Swali la kwanza," alisema. "Ukiwa mtoto, nani alikufundisha kuwa mwanamume?"

Nilimweleza asubuhi ya kutahiriwa, baridi ya mtoni, wanaume wakitutazama macho wala si kisu. Ukipepesa jicho, baba yako hataweza tena kukaa na wenzake. Sikupepesa. Nilisifiwa hadi jioni. "Nadhani tangu siku ile nilijifunza kutopepesa," nikamwambia, "hata kwa maumivu yasiyokuwa yangu."

"Wah," alisema, akaandika kwenye karatasi yake. "Hiyo ni pointi poa sana. Mwalimu ataipenda. Tunaiita ujamiishaji, mzee. Yaani hukuzaliwa hivyo. Nyumbani, shule, kanisa, kazini, wote wanakutengeneza pole pole mpaka unadhani ulizaliwa hivyo."

Nilihisi kitu kimelegea kifuani. Nilimsimulia kiwanda, lango, vikapu. Nilimsimulia baraza na benchi la nyuma. Kila nilipomaliza, alikuwa na neno lake: hiyo ni kawaida ya jamii, hiyo ni adhabu ya jamii, hiyo ni kumbandika mtu jina mpaka alivae. Nilikuwa sijapata mtu wa kunisikiliza hivyo tangu mama yake alipokuwa mdogo. Na nilipoona vipande vyote vimepangwa mezani, nilisema nililokuwa nikilisogelea.

"Kwa hivyo mtu kama mimi, akifanya ubaya, ni jamii iliyomfanyiza."

Alicheka. Lilikuwa pengo lile lile la mbele la nyanya yake, na sauti ya kicheko ilikuwa ile ile, na ilibidi nishike kikombe.

"Mzee, hivyo ndivyo darasa lote lilisema siku ya kwanza! Kila mtu alikuwa na wa kumsamehe. Mmoja akataka kusamehe hadi mwenye ploti wanayopanga. Mwalimu akasema tupunguze mbio. Akatupatia hili swali." Akasoma kwenye karatasi. "Mahali pale pale, wakati ule ule, kuna mtu unayemjua aliyekataa kufuata?"

Ningeweza kusema hapana. Wote waliokuwepo wamekufa au hawasikii vizuri. Simu ingenasa hapana yangu, angeipeleka chuoni, na huko ingekuwa kweli.

"Yuko," nikasema.

Alikuwa fundi wa baiskeli, mzee wa kanisa kama mimi, na kiti chake kilikuwa kando ya changu. Binti yake alipata mimba miaka michache kabla ya wangu. Nilitoa hoja kama kawaida. Jumapili hiyo, msichana alipokwenda kukaa nyuma, baba yake aliinuka kutoka mbele, viatu vyake vikilia sakafuni, akatembea kanisa zima akaketi kando yake. Tulimwondoa barazani. Hakurudi mbele tena maishani mwake. Mtoto alipozaliwa alimpa jina la mke wake, akawa anamketisha juu ya baiskeli alizotengeneza na kumwita "mke wangu mdogo", sokoni, kwa sauti.

"Na watu wakamfanya nini?"

"Walimcheka."

"Halafu?"

"Halafu wakachoka."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Aliandika kwa muda mrefu. "Kwa hivyo," alisema bila kuinua kichwa, "ulichoogopa ni kuchekwa." Hakulisema kama swali wala kama lawama. Aliandika na hilo pia.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba sina mtu mwingine wa kumtanguliza mbele yangu. Lakini ilikuwepo shali. Niliinuka, magoti yakinisumbua, nikaileta.

"Kwanza uniambie," nikasema, nikijaribu mzaha ili sauti isikatike, "ulinijuaje ulipofika getini? Hatujawahi kuonana."

"Tulionana mazishini," alisema. "Mama aliondoka, mimi nikabaki na kina mama wa kupakua. Nilikupakulia wali. Uliniambia niongeze nyama, mifupa nimpe mwingine."

Nilikumbuka. Kwa kweli nilikumbuka mkono tu, na kijiko kikubwa. Nilikuwa nimesema asante, msichana, bila kuinua macho.

Niliifunua shali. Nilimwambia ilimfunika siku alipotoka hospitalini, na kwamba nyanya yake aliitunza. Nilimwambia nimekosa, nikalitaja kosa lenyewe kwa jina lake, bila jamii ndani yake. Nilimwambia nyanya yake alikufa akiamini ameisha, na kwamba yeye peke yake ndiye anayeweza kulirudisha jina lile. Nilimwomba alichukue. Nilisema ningeita wazee wa hapa Murera wawe mashahidi, hata kesho.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Ana adabu; mama yake alimlea vizuri.

"Pole, mzee," alisema. "Lakini mimi nina mtu niliyeitwa kwake. Ni nyanya yangu wa Mwihoko, mimi humwita cucu, anauza mboga pale steji ya matatu. Mama alipofika na mimi usiku ule, wengine wote waliuliza mume yuko wapi, yeye akauliza tu kama mtoto amenyonya. Tulilala kwake. Mama akampa jina. Hajawahi kuzaa, huyo cucu. Sasa nikimwambia nina jina lingine, si nitakuwa nimemuua?"

"Unaweza kuwa na yote mawili."

"Watu wote wananijua kwa hilo. Shule, kanisa, kila mahali. Na hata mimi najijua kwa hilo." Aliitazama shali. "Nyanya huyo mwingine sikumjua. Alikuwa mtu mzuri?"

Nilisema ndiyo. Nilitaka kusema zaidi, nikagundua kwamba nina mengi kuhusu upishi wake na machache sana kuhusu yeye.

"Basi kwa nini ulikuja kwangu?" nikamwuliza. Najua nilipaswa kunyamaza. "Kati ya wazee wote wa Ruiru na Thika, kwa nini mimi?"

Alinitazama kwa mshangao, kama mtu aliyedhani jambo hilo lilikuwa wazi tangu mwanzo.

"Nilitaka kumhoji cucu, lakini mwalimu alikataa. Alisema mzee asiwe wa familia, ndio usimwonee haya kumwuliza maswali. Nikamwuliza mama kama anajua mzee yeyote. Akanipa namba yako."

Nilikaa chini. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba katika kazi yake aandike jina langu, na pale nilipomtaja mke wangu aandike la mke wangu, lisomwe na mtu hata mara moja.

"Hiyo haiwezekani, mzee. Haturuhusiwi majina. Utakuwa tu 'mhojiwa', na yeye atakuwa 'mke wa mhojiwa'. Ni kwa faida yako, ndio watu wasikujue."

Niliisukuma shali upande wake wa meza. Aliikunja vizuri zaidi ya nilivyokuwa nimeikunja mimi, akaiweka juu ya kiti kilichokuwa tupu. "Na hatukubaliwi kuchukua kitu kwa mhojiwa," alisema. "Ni sheria." Akazima simu, akaitia mfukoni, akanishukuru kwa muda wangu. Chai yake ilikuwa imefanya utando juu. Alifunga geti nyuma yake taratibu, kwa heshima, kama mtu anayetoka nyumbani kwa mtu asiyemjua na asiyetaka kumsumbua.

Jioni ilipoingia nilitoka nje, nikasimama mbele ya mlango kama nilivyosimama kwenye nyumba ya Thika nikirudi kutoka kazini, nikamwita mke wangu kwa jina lake, kwa sauti ile niliyoitumia akiwa jikoni ili anifungulie. Ng'ombe ndiye aliyeitika, kutoka zizini. Alidhani nimemletea majani.